Utamu wa Kunyauka

Kiswahili kina maneno matatu yaliyokulia chini ya mzabibu mmoja, na kila neno lilitufikia kwa njia yake. Mvinyo tulilipata kwa Wareno waliosema vinho. Likatua pwani na kwa muda mrefu likawa jina la kileo chochote kikali. Divai ni la Kifaransa, du vin, na harufu ya sakristia haijalitoka mpaka leo. Zabibu ni la Kiarabu, na hilo ndilo linalostahili kusimamiwa kidogo, kwa sababu kwa Mwarabu zabib si tunda bichi. Tunda bichi lina jina lake jingine, inab. Zabib ni lile lililolala juani likajikunja, likapoteza maji na kubaki na sukari. Sisi tumelitumia neno moja kwa yote mawili, bichi na kavu, lakini asili yake ni mnyauko. Na kuna mahali pengine ambako neno hilohilo lilitua likabaki: kisiwa cha Pantelleria, kati ya Sicilia na Tunisia, ambacho Waarabu walikitawala kwa karne kadhaa kabla hakijaingia mikononi mwa Wanormani. Wakulima wa huko huiita zabibu yao zibibbo, na kwayo hutengeneza divai tamu yenye rangi ya kaharabu iitwayo passito, yaani ya kitu kilichonyauka. Mama anayetia zabibu kavu kwenye pilau yake mjini Mwanza na mkulima anayeanika mashada kule kisiwani wanatamka neno la baba mmoja.

Ufundi wa divai hiyo ni mgumu kwa kazi lakini mwepesi kueleza. Kwa kawaida zabibu zikishaiva hukatwa na kukamuliwa bila kuchelewa, maana ndege, nyigu na mvua havimsubiri mtu. Mtengenezaji wa divai tamu huamua kusubiri. Ama huyaacha mashada mtini wiki kadhaa baada ya majirani kumaliza kuvuna, ama huyakata na kuyaanika. Pantelleria huanikwa juani. Valpolicella, karibu na mji wa Verona, hulazwa kwenye vichanja darini mpaka majira ya baridi yamekolea, na divai itokayo hapo huitwa recioto. Toscana hutundikwa au hulazwa kwenye mikeka ya matete, kisha maji machache yanayokamuliwa hufungiwa katika mapipa madogo na kuachwa miaka 3 au zaidi chini ya paa, yakipigwa na joto la kiangazi na baridi ya kipupwe, mpaka yawe vin santo, divai takatifu. Shada lililolazwa miezi mitatu hupoteza kiasi cha theluthi ya uzito wake. Kilichoondoka ni maji, sukari imebaki. Likikamuliwa, hamira huanza kuila sukari hiyo na kuigeuza kileo, lakini kileo kikifika kama asilimia 15 au 16 hamira yenyewe hulemewa na kufa kwa kazi ya mikono yake, na sukari iliyosalia haina tena wa kuila. Utamu wa divai hii ni mabaki ya pambano hilo. Hakuna aliyeumimina.

Katika miji ya kando ya Ziwa Victoria, Mwanza ikiwa mbele, divai tamu imebebeshwa sifa mbili mbaya. Wanaojihesabu wajuzi wa vinywaji huidharau, wakisema ni ya wanaoanza kunywa, na kwamba mtu mzima hunywa divai kavu. Wasiokunywa kabisa huiona kitu cha kigeni, kilichokuja na kanzu nyeupe na kisicho na mizizi katika nchi ya mtama, mihogo na ndizi. Naamini pande zote mbili zimekosea, na kosa lao ni moja: wanautazama utamu kama ladha tu. Historia ya mwambao huu inaonyesha kwamba utamu ulikuwa kwanza jibu la tatizo la umbali na muda, na kwamba watu wa ziwa walikuwa wakilijibu tatizo hilohilo, kwa mkono uleule wa kunyausha, kabla ya chupa yoyote ya divai kufika ufukweni.

Divai ya Misa ilifika huku kwa miguu. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, ambao kanzu zao ziliwapa jina la Mapadre Weupe, uliondoka Bagamoyo katikati ya mwaka, ukapitia Tabora, ukafika Kageye upande wa kusini wa ziwa mwaka ukiwa unakwisha. Ni Kageye hiyohiyo ambako msafiri Stanley alikuwa ameiunganisha mashua yake Lady Alice miaka mitatu kabla. Kutoka hapo Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa, wakatia nanga Buganda Februari 1879. Mwishoni mwa 1882 mapadre walilazimika kuihama Buganda, wakarudi kusini, na mwaka 1883 wakajenga Bukumbi, mahali panapoitwa pia Kamoga, kwenye ghuba kusini mwa Mwanza ya leo. Fikiria mzigo wa divai katika safari hiyo. Mpagazi alibeba kiasi cha kilo 30 kichwani au begani, kwa zaidi ya miezi sita, akipita mbuga za Ugogo ambako jua la mchana halina kivuli cha kulikinga. Divai nyepesi ya mezani, yenye kileo kidogo na isiyo na sukari, haivumilii hayo. Inapata joto, kizibo kinalegea, hewa inaingia, na vijidudu vya siki vinafanya kazi yao. Kilichotoka Ufaransa kikiwa divai kingefika Bukumbi kikiwa kitu cha kutia kwenye kachumbari.

Na kwa padre siki haikuwa hasara ya mdomo tu. Sheria ya Kanisa, iliyokuja kuandikwa wazi katika Kanuni za 1917 na kurudiwa katika zile za 1983, inadai divai ya Misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Iliyogeuka siki haifai kabisa, na bila divai hakuna Misa. Tazama sasa jinsi sheria hiyo ilivyoacha mlango mmoja wazi. Divai iliyotokana na zabibu kavu ilikubaliwa, mradi rangi na ladha yake viwe vya divai ya kweli. Mwishoni mwa karne ya 19, Roma ilipoulizwa kuhusu divai zinazoharibika njiani, iliruhusu kutia spiriti kidogo, kwa sharti kwamba spiriti hiyo nayo iwe imetokana na zabibu. Kwa maneno mengine, walioketi Roma walijua kwamba dunia ni kubwa na safari ni ndefu, na njia walizozikubali zote mbili ni njia za kuipa divai nguvu bila kuitoa katika ukoo wa mzabibu. Hata shirika lenyewe halikuwa geni wa mambo haya: mwanzilishi wake, Charles Lavigerie, alikuwa Askofu Mkuu wa Algiers, na huko Maison-Carrée, nje ya mji, mapadre walikuwa na mashamba yao ya mizabibu chini ya jua la Afrika.

Kuna jambo jingine dogo la altareni ambalo wanaoidharau divai tamu hawalitilii maanani. Misa moja hutumia divai kidogo sana, kiasi cha kijiko au viwili ndani ya kalisi, pamoja na tone la maji. Chupa moja ikifunguliwa na padre aliye peke yake itamfaa wiki nzima, pengine tatu. Divai nyepesi ikifunguliwa Jumatatu, kufikia Alhamisi katika joto la ziwani imeshaanza kukunja uso. Ile iliyotokana na zabibu zilizonyauka, yenye kileo kingi na sukari juu yake, itakaa kabatini bila kulalamika. Ndiyo maana Wakristo wengi duniani, wakiulizwa divai ya Misa ina ladha gani, hujibu kwamba ni tamu, wala hawajui kwa nini.

Mtu mwenye ujuzi wa kemia anaweza kunipinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Atasema sukari peke yake haihifadhi divai. Kinyume chake, divai yenye sukari na kileo kidogo ni hatari zaidi, kwa sababu hamira ikifufuka ndani ya chupa itaila sukari ile, itatoa hewa, na chupa itapasuka. Ni kweli. Ndiyo sababu sisemi utamu ulikuwa kinga. Nasema utamu ulikuwa alama ya kinga. Divai inayobaki tamu baada ya kuchachuka yenyewe hadi mwisho ni ile ambayo zabibu zake zilikuwa na sukari nyingi kuliko uwezo wa hamira, na kwa hiyo kileo chake tayari kimefika juu kabisa. Ulimi ukikuta utamu katika divai halali ya namna hiyo, umekuta ushahidi kwamba kazi ya kuchachuka imekwisha. Iliyotiwa sukari ya dukani baada ya kuchachuka haina ushahidi huo, na wajuzi wetu wana haki ya kuikataa. Kosa lao ni kuzitia zote kapu moja.

Safari ilifupika haraka. Reli ya Uganda iligusa ziwa huko Kisumu mwaka 1901, na meli ndogo za mvuke, William Mackinnon ikiwa ya kwanza, zikaanza kuzungusha mizigo bandarini. Kwa miaka mingi Mwanza ilipokea bidhaa zake kutoka Mombasa kupitia Kisumu kuliko kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1928 tawi la reli ya kati kutoka Tabora likafika Mwanza. Lakini hata divai ilipofika kwa wiki badala ya miezi, haikuwafikia watu. Waumini walipokea mkate tu. Kalisi ilikuwa ya padre, na ni baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliotoa hati yake ya liturujia mwaka 1963, ndipo mlango ulipofunguliwa kidogo kwa walei. Nje ya kanisa, kwa sehemu kubwa ya ukoloni, Mwafrika alizuiwa na sheria kununua vileo vya kizungu kama apendavyo. Anayesema divai ilikuwa alama ya utengano ana ushahidi mkononi, nami sina nia ya kuupunguza. Watu wa Bukumbi na Ukerewe waliiona divai ikiinuliwa mbele yao kwa zaidi ya nusu karne bila kujua ladha yake. Kutokuionja kitu hakumaanishi hata hivyo kutoujua ufundi ulio ndani yake, na kwa hilo tuvuke maji twende Bukoba.

Wahaya wana rubisi, pombe ya ndizi, na anayetaka kuelewa mavuno ya kuchelewa na aitazame inavyotengenezwa. Ndizi za pombe, ambazo si zile za kupika, hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado za kijani. Huvundikwa: huchimbwa shimo, huwekewa majani ya mgomba na kutiwa joto la moto, kisha hufukiwa, au hutundikwa juu ya jiko zikapata moshi na joto la kila siku. Baada ya siku kadhaa hutolewa zikiwa za njano, laini, harufu imejaa nyumba. Katika siku hizo wanga umegeuka sukari, na mpishi wa pombe anajua kwa kidole na kwa pua kwamba akiwahi atapata maji yasiyo na nguvu, na akichelewa mno atapata uozo. Ndizi humenywa, hutiwa katika gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi, na wanaume huzikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi, nyasi zikishika makapi na kuachia maji. Maji hayo huongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani, na kesho yake yanafuka. Muda wa kuvundika ndio roho ya kazi yote. Hakuna tofauti ya fikra kati ya mzee anayeweka sikio kwenye shimo la ndizi na yule wa Toscana anayepanda darini kila wiki kugeuza mashada na kutoa yaliyoota ukungu: wote wawili wanangoja sukari.

Hapo pana swali gumu, na nisipolijibu hoja yangu itaanguka. Kama ufundi ni mmoja, mbona vin santo hukaa miaka na rubisi hufa siku ya tatu? Jibu la haraka ambalo vitabu vya zamani vya wasafiri vilipenda kulitoa ni kwamba wenyeji hawakujua kuhifadhi. Jibu hilo ni la uvivu. Mzabibu wa Italia huzaa mara moja kwa mwaka. Asiyehifadhi divai yake atakunywa maji mpaka vuli ijayo. Mgomba wa Bukoba huzaa mwaka mzima. Shamba la Mhaya lina mkungu unaochanua, mkungu unaojaa na mkungu uliokomaa, yote kwa wakati mmoja, kuizunguka nyumba. Kwa nini mtu aifungie katika pipa pombe ya mwezi huu wakati ya mwezi ujao tayari imening'inia nje ya mlango? Msukuma naye alihifadhi mtama ghalani ukiwa mkavu, akapika pombe siku alipokuwa na kazi ya kijiji au harusi. Alihifadhi nafaka, kinywaji akakitengeneza kikiwa kinahitajika. Watu wa ziwa hawakukosa ujuzi wa kutunza. Walitunza kile ambacho majira yangewanyang'anya, na kile ambacho majira hayakuwanyang'anya walikinywa kikiwa kichanga.

Ukitaka kuona walichokitunza, nenda Usukumani baada ya mvua, viazi vitamu vinapochimbwa vyote kwa pamoja na kiangazi kirefu kinakuja. Kuna njia mbili. Kwa michembe, viazi huachwa kwanza vinyauke siku chache baada ya kuchimbwa, kisha humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa vikiwa vibichi, mara nyingi juu ya majabali ambayo nchi ile imejaliwa kuliko nyingine yoyote. Kwa matobolwa, viazi huchemshwa kwanza, hukatwa na kuanikwa. Kipande cha matobolwa kilichokauka vizuri kina rangi ya ngozi iliyolainishwa kwa mafuta, kingo zake zimejikunja juu, na ukikigonga juu ya kingine hulia kama kigae. Kitavumilia ghalani miezi mingi. Ukikitafuna hujibu polepole: kwanza ukavu, kisha unga, halafu utamu mzito ambao kiazi kibichi hakikuwa nao.

Nitaambiwa kwamba huko ni kufananisha kwa nguvu, kwamba kukausha kiazi ni kukimbia njaa na kukausha zabibu ni kutafuta starehe. Lakini starehe ya zabibu kavu ni ya baadaye. Aliyeanza kuanika mashada katika Bahari ya Kati alikuwa mkulima mwenye tunda lisilodumu, na alitaka lidumu. Divai tamu ilifuata. Na kwa upande wetu, hatua ile ya kukiacha kiazi kinyauke kabla ya kukikata haielezeki kwa njaa pekee. Mwenye njaa tu angekata na kuanika siku hiyohiyo. Kiazi kikilala siku kadhaa hupungua maji na sehemu ya wanga wake hugeuka sukari, kama ndizi shimoni na kama zabibu darini. Mtu aliyeanzisha desturi hiyo alikuwa ameonja tofauti, akaichagua. Ladha na akiba hazikuwa vitu viwili kwake.

Zabibu yenyewe ilipokuja kupandwa Tanzania haikupandwa ziwani, na sababu ni ya hali ya hewa. Mwanza hupata mvua za vuli na za masika, hewa yake ina unyevu, na mzabibu katika unyevu huugua ukungu. Dodoma ni kavu zaidi. Mwaka 1935 Roma ilianzisha huko jimbo dogo na kulikabidhi kwa Wapasionisti wa Italia, na kilimo cha zabibu cha mkoa huo kinahesabiwa kuwa kilianzia kwa wamisionari Waitalia waliotaka divai ya Misa, Bihawana ikitajwa mara nyingi kuwa kitalu chake. Baada ya Uhuru serikali ililichukua zao hilo kuwa la taifa. Kituo cha utafiti cha Makutupora kipo mpaka leo, na Hombolo kuna kiwanda cha Cetawico kilichojengwa kwa mtaji na ujuzi wa Kiitalia. Kwa kuwa karibu na ikweta mzabibu haulali usingizi wa baridi, mkulima wa Dodoma huupogoa na kuulazimisha kuzaa mara mbili kwa mwaka, na yale mavuno yanayoangukia kiangazi humpa nafasi ambayo hata Mtoscana angemwonea wivu: mashada yanaweza kubaki mtini bila hofu ya mvua. Nafasi hiyo bado haijatumika kama inavyostahili. Sehemu kubwa ya divai tamu inayouzwa Mwanza kutoka huko haikutokana na zabibu zilizonyauka, na hilo linanisikitisha, kwa sababu jua lipo, ukavu upo, na kazi ya kungoja tunaijua.

Wapo watakaosema mjadala wote huu hauwahusu. Waislamu wa Mwanza, ambao wamekuwa ufukweni tangu siku za misafara ya biashara, na Wakristo wa makanisa kama Africa Inland, ambayo misheni yake ilichukua kituo cha Nassa mwaka 1909, wanaepuka kileo kwa imani, na wengi wa hao wa pili hushiriki Meza ya Bwana kwa maji ya matunda. Historia ya kinywaji si mwaliko wa kukinywa. Lakini nisingependa waliache jambo hili mikononi mwa wanywaji peke yao. Zabibu kavu kwenye pilau ya Idi, tende katika futari na michembe ya bibi kijijini ni watoto wa wazo lilelile, na kati yao divai ni mtoto mmoja tu.

Kwa anayekunywa, swali linalobaki ni la mezani. Waitalia huinywa divai hii pamoja na vitu viwili vya namna mbalimbali. Kimoja ni chumvi: jibini kali lenye ukungu wa buluu, gorgonzola, ambalo chumvi yake huukata utamu, na utamu ukaituliza chumvi. Kingine ni ukavu wenye njugu: cantucci, biskuti za lozi za Toscana, zilizookwa mara mbili zikawa ngumu kiasi kwamba huchovywa ndani ya vin santo ndipo ziumike. Hotelini Mwanza divai tamu hufuatana na keki yenye sukari ya juu, na hilo ni kosa, kwa sababu utamu juu ya utamu hufuta vyote viwili. Sato aliyekaangwa na kukamuliwa ndimu naye hapatani nayo. Ndimu huifanya divai ionekane sharubati. Chakula chake kipo Kirumba, soko la Mwaloni, mahali ambapo jua limeshafanya nusu ya kazi. Kayabo, ile minofu ya sangara iliyolazwa katika chumvi na kukaushwa, ambayo husafirishwa kwa magunia mpaka Kongo, ikirowekwa usiku na kuchomwa juu ya mkaa huichukua nafasi ya jibini lile bila aibu. Dagaa wakavu waliokaangwa na kunyunyiziwa pilipili huifuata kwa karibu. Kutoka Bukoba ningetaka senene katika msimu wao, kwa mafuta yao na chumvi yao, na mwishoni kabisa zile punje za kahawa ambazo Wahaya huzichemsha na kuzikausha kwa ajili ya kumpa mgeni atafune, zenye uchungu mfupi unaosafisha mdomo.

Na badala ya cantucci, matobolwa pamoja na karanga zilizokaangwa kwa mchanga. Ni makavu kama biskuti ile, na utamu wake umetoka palepale ulikotoka wa divai. Kipande kisivunjwe kwanza. Kichovywe kizima, upande mmoja, kiachwe humo kitambo mpaka kingo zilizojikunja zianze kulala, kisha kiliwe kikiwa bado kigumu katikati.